Kuni za Mbali

Shambani, 3 Machi

Wifi,

Salamu nimeziacha mlangoni. Ukizihitaji utaziokota.

Umenizuia kwenye simu, basi nakuandikia. Barua hii anakuletea kondakta wa basi la asubuhi, yule yule aliyeniletea habari zako. Alisimama njia panda, abiria wakimsonya, akaniuliza kama nimeacha biashara ya kuni. Nikamwambia sijaacha. Akasema ni ajabu, maana amepita mbele ya duka lako akakuta lori limeziba barabara, linashusha magogo na magome yake, nawe umesimama na aproni unawaonyesha watu pa kupanga.

Kwa hiyo habari ya kuachwa nimeipata kwa kondakta. Hata mpangaji hupewa notisi.

Nimeuliza lori hilo linatoka wapi. Linatoka kwenye msitu wa asili, mwendo wa kutwa nzima, linamwaga moshi wa dizeli njia nzima ili wewe uchome mti ambao hakuna aliyeupanda na hakuna atakayeurudisha. Mijohoro yangu aliipanda baba mkwe wako kwa mistari. Ukikata mmoja, kisiki kinachipua kabla hujasahau ulikikata lini. Chini yake kuna kivuli, na chini ya kivuli kuna chemchemi ambayo kijiji kizima kinateka maji. Ukinunua kwangu unajua umechoma nini, na mwakani ukija unaona kilichoota mahali pake. Ukinunua kwenye lori unajua bei tu.

Kama nimekukosea, niambie. Ila uniambie taratibu, kwa sababu nina hasira, na mama hapa pembeni anauliza kwa nini nakandamiza kalamu hivi.

Wifi yako wa shambani


Mjini, 8 Machi

Wifi,

Nilikuzuia kwenye simu kwa sababu ukipiga unaongea peke yako. Kwenye karatasi angalau nitamaliza sentensi zangu.

Unajifanya hujui. Haya, nikujulishe. Tangu mvua za mwaka jana kuni zako zilikuwa zinakuja mbichi. Sisemi zina unyevu. Nasema mbichi, zinatoa povu miishoni, zinalia motoni kama paka aliyekanyagwa. Tanuri halishiki moto. Mkate unaungua nje, ndani bado ni unga. Na moshi wote unapanda ghorofani kwa fundi cherehani. Alishuka siku moja na gauni la bibi harusi mikononi, jeupe, ameliegemeza kifuani kama mtoto mgonjwa, akalitandaza juu ya kaunta mbele ya wateja akaniambia ninuse. Nikanusa. Lilinuka kama samaki wa kukaushwa. Baada ya hapo akaja bwana afya, akasema moshi ukiendelea anafunga duka.

Nilikutumia ujumbe kwa mume wangu tena na tena: mwambie dada yako aache kunitumia kuni mbichi. Kila mara alirudi na jibu lako kwamba kuni ndizo hizo, asiyetaka aache.

Nimeacha. Sasa unalia nini?

Habari za msitu na chemchemi ni tamu kuzisoma. Lakini mimi nina wafanyakazi wanaotegemea tanuri hili, na kuni za lori ni kavu, zinashika kwa kiberiti kimoja. Mwoka mikate hachomi nia njema.

Wifi yako, mwoka mikate


Shambani, 14 Machi

Wifi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na nilipokaa ndipo nilipokasirika zaidi.

Hakuna ujumbe wowote ulionifikia. Na hayo maneno ya “asiyetaka aache” si yangu. Mimi nikitaka kutukana natukana mwenyewe, sitoi kazi hiyo kwa mtu.

Kuni zangu hazijawahi kutoka hapa mbichi. Zinakaa bandani kiangazi kizima, zimepasuliwa, zimepangwa kwa kupishana ili upepo upite. Ukizigonganisha zinalia kama sahani. Mdogo wangu, mumeo, anazipakia mwenyewe kwenye pikapu yake, na kila mara anazigonga hivyo na kucheka. Kama ni mbichi, mbona hachoki kuja? Wiki iliyopita tu ameondoka hapa pikapu imejaa mpaka imelala kwa nyuma. Nilidhani unachanganya, zangu na za lori.

Na safari hiyo hakuja mikono mitupu. Alimletea mama mzigo wa hizo kuni zako za msituni, zawadi. Mama amefurahi, amezipanga nyuma ya jiko chini ya mijohoro, hataki hata nizichome, eti ni nzuri mno. Mtoto wa mkulima wa kuni anamletea mama yake kuni za dukani. Nilicheka mpaka kicheko kikageuka.

Safisha dohani lako kwanza, kisha uje kuniambia habari za moshi.

Wifi yako wa shambani


Mjini, 17 Machi

Wifi,

Dohani langu linasafishwa kila Jumatatu. Hilo tulimalize.

Sasa nisikilize. Unasema pikapu imeondoka kwako wiki iliyopita imejaa. Hakuna hata ukuni wako mmoja ulioingia kwenye duka hili tangu mwaka uanze. Mume wangu aliniambia ameshakueleza kwamba nimehama, na kwamba ulimfukuza.

Nimekaa na barua yako jikoni mpaka kundi zima la mikate likaungua. Nimetafuta njia ya kuamini kwamba wewe ndiye mwongo. Nimeitafuta sana, wifi, kwa sababu wewe silali nawe kitanda kimoja.

Anarudi Jumamosi. Sitamuuliza chochote. Nitaweka barua zako mbili mezani, na sahani yake ya chakula juu yake.

Mwoka mikate


Kwenye matanuri ya matofali, njia panda, 30 Machi

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama ni wazima. Mimi ni mzima kidogo.

Najua umeshasikia, na najua umesikia upande mmoja. Mke wangu amenifungia mlango na nguo zangu amempa fundi cherehani azitunze, kwa hiyo mtaa mzima unajua. Nalala hapa kwa wachoma matofali. Ni watu wema.

Nikueleze bila kuficha, maana wewe ndiye uliyenilea. Hawa jamaa walikuwa wanahitaji kuni kavu, na wao wana kuni zao mbichi wanazozikata ukingoni mwa mto. Mimi napita hapa na kuni kavu. Wakaniambia tubadilishane, mzigo kwa mzigo, na juu yake wananitengenezea pikapu, maana mmoja wao ni makanika na unajua ile injini. Hakuna aliyeibiwa, dada. Wewe kuni zako zilikwenda, mke wangu kuni zilifika, na alipohamia kwenye lori nikaendelea kuwapa hawa jamaa zako kwa pesa. Kuni ni kuni, zote zinaishia majivu. Sikujua kama zitatoa moshi kiasi kile. Na maneno yale niliyowapelekea sikuyasema kwa ubaya. Nilitaka kila mmoja aache kuuliza.

Nakuomba mambo mawili. Mwandikie mke wangu, wewe anakusikiliza. Na mama usimwambie.

Mdogo wako


Shambani, 4 Aprili

Wewe,

Marahaba.

Hakuna aliyeibiwa, unasema. Mkeo karibu afungiwe duka, mimi nimetukanwa kwa kosa lako, na mwaka mzima wanawake wawili wamechukiana kwa maneno uliyoyatunga wewe ukiwa umeshika usukani.

Na ukingo wa mto je? Hiyo miti ndiyo inayoshika udongo. Mvua kubwa ikija utaona udongo umehamia majini, na wachoma matofali wako wema watatafuta pa kusimama. Kuni si kuni. Kuna kuni inayokatwa ikarudi, na kuna kuni inayokatwa ikaondoka na kila kilichokuwa chini yake. Baba alikufundisha hayo ukiwa umebebwa mgongoni mwangu.

Mkeo sitamwandikia kwa ajili yako. Mama sijamwambia, na si kwa sababu umeomba.

Dada yako


Mjini, 11 Aprili

Wifi,

Amekiri. Alikiri akiwa anakula, akaendelea kula. Hilo ndilo lililonifanya nisimame nikamfungulie mlango atoke.

Sitakuomba radhi kwa kirefu. Nilimwamini mume wangu, na mke anayemwamini mumewe hajafanya uhalifu. Lakini maneno yako ya dohani nimekusamehe, na simu nimekufungulia. Usipige. Nimezoea hivi.

Kuhusu kuni: rundo la lori bado ni kubwa, limejaa ua wote wa nyuma, na siwezi kulitupa. Likiisha nitachukua zako, nitazifuata mwenyewe. Usinisukume. Sipendi pia kwamba nimeanza kuliangalia hilo rundo vibaya tangu uniandikie. Kila asubuhi nafagia chini yake vumbi jeupe, laini kama ngano. Nimemgombeza msichana wa kaunta wiki nzima nikidhani anamwaga unga.

Mama mkwe umwambie shikamoo. Ukimwambia na mengine, umwambie taratibu.

Mwoka mikate


Shambani, 19 Juni

Wifi,

Kafagie tena hilo vumbi, ulishike, uliangalie vizuri. Si unga.

Ninalo hapa. Lilianza nyuma ya jiko, chini ya ule mzigo wa zawadi. Kisha nikaliona chini ya mjohoro ulio karibu, limekaa kwenye mizizi kama mtu amenyunyiza makusudi. Nikatazama shina: matundu, madogo, ya duara, kama yametobolewa kwa sindano ya magunia. Nikabandua gome. Ndani kuna vijia vimejipinda kila upande na funza wamelala humo, wanono, wameridhika. Baada ya mwezi majani ya safu ya kwanza yalikuwa ya njano. Sasa ni safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka karibu na chemchemi.

Bwana misitu amekuja. Hakukaa sana. Alibandua, akatazama, akaniuliza kuna kuni zozote zilizotoka mbali zimeletwa hapa. Nikasema hapana, mimi ndiye ninayeuza kuni, nani aniletee. Mama akanyoosha mkono akamwonyesha nyuma ya jiko.

Akatueleza kwamba huyu mbawakawa, mdudu anayezaa hao funza, anaishi huko kwenye ule msitu siku zote, na huko ana ndege wa kumla na miti iliyomzoea, haleti shida. Mwenyewe haruki mbali. Hawezi kutoka huko kuja huku hata akijaribu maisha yake yote. Ila akipandishwa lori ndani ya gome, anasafiri kama abiria, anashuka salama, anakuta miti isiyomjua. Ndiyo maana wanasema kuni ichomwe karibu na ilipokatwa. Alisema hivyo kwa upole, kana kwamba ananifundisha. Mimi. Nilitaka kumpiga kwa panga.

Mama aliuliza kama mwanawe alijua. Nikamwambia yote, tangu mwanzo, kavu na mbichi. Sikumwambia taratibu.

Nawe nimekukasirikia upya. Ungeniuliza mwenyewe mara moja, kwa mdomo wako, kwa nini kuni ni mbichi, lile lori lisingesimama mlangoni kwako kamwe.

Wifi yako wa shambani


Mjini, 24 Juni

Wifi,

Nimelishika. Nimebandua magome kwa kisu cha mikate. Wamo.

Nimekwenda kwa mwenye lori. Nilikuta anakunywa chai, nikamwambia alichoniletea. Akaniambia, “Mama, wewe ulinunua kuni, wadudu nimekuongezea bure.” Watu wake wakacheka. Nilimwaga ile chai. Nasema nilichokifanya, sisemi kilisaidia.

Mti wa mbele ya duka, ule ambao fundi cherehani huanika vitambaa vyake kivulini, nao una matundu. Nimeyaona nilipokuwa natoka kwa yule bwana. Kwa hiyo na huku wameshaingia, na ni mimi niliyewaonyesha pa kupanga magogo.

Ni kweli sikukuuliza. Nilikuwa nimeshaamua kwamba una kiburi, na mtu mwenye kiburi haulizwi. Hasira yako naipokea. Hii yangu sijui niipeleke wapi. Ya mume wangu nimeshaimaliza, imebaki ya mimi mwenyewe, na hiyo haina mlango wa kuifukuzia.

Rundo nimelichoma lote, usiku na mchana, mpaka gome la mwisho. Ua ni mtupu. Sasa nisikie: bwana misitu si atakuamuru ukate? Kata. Niuzie mimi yote, mizima na migonjwa. Nitaichoma hapa, funza na vyote. Nitakuja na gari wiki ijayo.

Mwoka mikate


Shambani, 28 Juni

Wifi,

Usije na gari.

Umesoma barua yangu kwa macho au kwa haraka? Hakuna ukuni unaoruhusiwa kutoka hapa. Hata kijiti. Njiani kuna mashamba ya watu, kuna shule yenye miti, kuna makaburi yenye miti. Gari likipita limebeba haya magogo linapanda wadudu njia nzima. Miaka yote nimekuwa nikikuambia nunua kuni karibu, na sasa hata mimi niko mbali. Karibu ni hapa tu, penye kisiki.

Nimeamriwa kukata safu zote zilizoshikwa na kuchoma papo hapo. Nimeanza. Vijana wanakata, mimi nachoma. Kuni nzuri, wifi, kuni za baba, zinawaka shambani bila kupika chochote. Moto mkubwa kama nyumba na hakuna hata sufuria juu yake. Jana nilikaa mbele yake nikalia kwa hasira, kisha nikaamka nikaongeza magogo.

Sina cha kukuuzia. Tafuta gesi.

Wifi yako wa shambani


Mjini, 1 Julai

Wifi,

Acha kuchoma. Kata, lakini usichome mpaka nifike.

Kuni haziwezi kushuka huku. Mikate inaweza. Mkate hauna gome.

Nimebomoa tanuri langu. Matofali yake nayaleta, na beseni la kukandia, na hamira, na msichana wangu mmoja. Tutajenga hapo hapo kwenye magogo. Basi la asubuhi litashusha mikate mjini na wale wafanyakazi wawili waliobaki dukani wataiuza. Fundi cherehani nilipomwambia tanuri linaondoka alinikumbatia, sijui nifurahi au nijione nimetukanwa.

Siji kuomba radhi wala kufanywa mgeni. Usinitandikie kitanda kizuri. Mama mkwe asiponisalimia nitaelewa.

Nakuja.

Mwoka mikate


Shambani, 20 Septemba

Kwako mdogo wangu,

Barua yako imefika. Unauliza kama unaweza kuja.

Mkeo yuko hapa tangu Julai. Tunagombana kila siku. Mimi nasema anajaza tanuri kupita kiasi, yeye anasema napasua magogo kama ninayaonea huruma. Anaimba vibaya akikanda. Mama alikaa wiki nzima bila kumsemesha, akawa anapita mbele ya tanuri ameangalia pembeni. Siku moja alisimama, akasema mkate wa jana ulikuwa na chumvi nyingi. Tangu siku hiyo wanazungumza, na mimi ndiye ninayenyamazishwa.

Mikate inashuka na basi kila asubuhi. Shule inachukua mingine, na zahanati. Magogo mabaya yameisha yote, hakuna hata moja lililovuka barabara. Miti mizima iliyobaki ni michache, ile ya upande wa juu tu. Chemchemi imepungua. Tunateka kwa zamu sasa, na majirani wanajua kwa nini, kwa hiyo usitegemee kupokewa kwa vigelegele. Tunachoma matawi yaliyopogolewa na mabaki ya mahindi, na tunaoka kidogo kwa sababu kuni ni kidogo. Mkeo amesema ni mara ya kwanza maishani mwake anaoka kwa kuangalia kwanza mti unaweza kutoa kiasi gani.

Visiki vingine vimechipua. Vingi havijachipua, funza waliingia mpaka chini, na hivyo ni lazima ving'olewe na mizizi yake kabla hatujapanda upya. Bwana misitu ametupa miche. Inasubiri kivulini kwa mama.

Nilimsomea mkeo barua yako akiwa ameshika donge la unga. Hakuinua uso. Nilimuuliza nikujibu nini. Akaendelea kukanda, akasema, “Mwambie aje. Ila aje kwa miguu.”

Mimi naongeza langu. Pikapu iache huko huko kwa watu wako wema. Usilete kitu, hata zawadi ya mama, hata fimbo ya kutembelea. Visiki viko vingi kuliko unavyofikiri, na ardhi imekauka.

Jembe lako tumeshalinunua. Limefuliwa hapa hapa kijijini.

Dada yako